Mafundi wa Kuunga Picha, na Jinsi Walivyojifunza Kazi Yao

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Wale wanaolisoma somo hili katika karatasi, bila redio, na wasome polepole. Mkifika penye neno geni msiliruke. Nimejaribu kulieleza kila neno geni mahali linapotokea mara ya kwanza.

Leo tutazungumza habari za kazi ambayo matunda yake mmekwisha yaona, ingawa wenyewe walioifanya hamkuwaona. Mmeona sinema ambayo mtu anaruka juu ya mji kama mwewe. Pengine mmeona ile ambayo kijana na simbamarara wamo katika mashua moja katikati ya bahari, siku baada ya siku. Je, yule mtu aliruka kweli? La. Mtu alipigwa picha peke yake, mji ukapigwa picha peke yake, kisha fundi akaziunga picha mbili zikawa moja. Kazi hiyo ndiyo tutakayoiita kuunga picha. Nataka kuwaelezeni ilianzaje, na hasa nataka mjue watu walijifunzaje. Maana kwa muda wa miaka mingi mtu hakuweza kujifunza kazi hii ila amekubaliwa kuingia katika vyumba fulani, na vyumba hivyo vilikuwa vichache, na milango yake ilifungwa.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu darasani aweza kulifanya kwa mkasi. Kateni picha ya mtu katika gazeti kuukuu, mkaibandike juu ya picha ya barabara. Itazameni. Hata mtoto atajua kuwa mtu huyo hakusimama pale. Kwa nini? Pengine jua la barabarani linatoka kushoto, na uso wa mtu unang'aa upande wa kulia. Pengine mtu ni mkubwa kuliko basi. Pengine hana kivuli. Tena ukingo uliokatwa kwa mkasi ni mkali mno, hasa penye nywele, maana hakuna mkasi ukatao unywele mmoja mmoja. Andikeni maneno haya manne katika daftari: mwanga, ukubwa, kivuli, ukingo. Fundi wa mwaka 1900 alihangaika nayo, na fundi wa leo mwenye kompyuta anahangaika nayo vile vile.

Kuunga picha ni kazi ya zamani kuliko sinema yenyewe. Mwaka 1857 huko Uingereza, mpiga picha mmoja mzaliwa wa Sweden, jina lake Oscar Rejlander, alipiga picha zaidi ya 30 za watu mbalimbali, akaziunga kuwa picha moja kubwa. Alichapa kila picha mahali pake juu ya karatasi, huku akizifunika sehemu nyingine zisipate mwanga. Malkia Victoria akainunua nakala moja. Lakini picha ile ilikaa tu ukutani. Picha za sinema zinakwenda, na picha iendayo ina taabu yake.

Sasa twende Paris, katika nchi ya Ufaransa. Huko alikuwako mtu aliyeitwa Georges Méliès, aliyezaliwa mwaka 1861. Kazi yake ilikuwa mazingaombwe, na tangu mwaka 1888 alikuwa na jumba lake mwenyewe la kuonyeshea. Sinema zilipoanza kuonyeshwa Paris, mwishoni mwa mwaka 1895, akazipenda mara moja. Mwaka 1897 akajenga nyumba ya vioo huko Montreuil, nje kidogo ya mji, ili mwanga wa jua uingie kila upande, akawa anapiga sinema zake humo.

Mwaka 1898 Méliès alitengeneza sinema ya muda wa dakika moja hivi. Ndani yake yeye mwenyewe anakivua kichwa chake kama mtu avuavyo kofia, anakiweka mezani, na kichwa kingine kinatokea shingoni. Anafanya hivyo mara tatu. Kisha vichwa vyote vinne vinaimba pamoja.

Siri yake ilikuwa kitambaa cheusi. Filamu ni utepe unaopokea mwanga. Mahali peusi hapatoi mwanga, kwa hiyo sehemu ile ya filamu hubaki kama karatasi isiyoandikwa. Méliès alipiga picha akiacha mahali peusi, akairudisha filamu nyuma ndani ya kamera, akapiga tena juu ya filamu ile ile, safari hii kichwa tu kikionekana. Ilimpasa kukumbuka alisimama wapi, na aligeuka wakati gani. Akikosea mara ya nne, kazi ya mara tatu za kwanza imekwenda bure.

Nani alimfundisha? Hapana aliyemfundisha. Aligundua mwenyewe, kwa kujaribu. Wala hakufungua darasa, maana watu wa mazingaombwe hawamwambii kila mpita njia jinsi njiwa alivyoingia kofiani. Baadaye biashara yake ikaanguka. Katika miaka ya 1920 mtu huyu aliyewahi kuipeleka dunia mwezini kwa sinema yake ya mwaka 1902 alikuwa akiuza vitu vya kuchezea watoto katika kiduka, ndani ya stesheni ya Montparnasse. Alifariki mwaka 1938.

Kazi ikavuka bahari ikaenda Marekani. Mwaka 1903 Edwin Porter alionyesha chumba cha stesheni chenye dirisha, na gari la moshi likipita nje ya dirisha. Chumba na gari la moshi vilipigwa kwa nyakati mbili. Lakini dirisha halitembei, na mtu hutembea. Ukitaka kumwunga mtu anayekimbia, lazima uwe na kitu cheusi chenye umbo la mtu yule, kinachokimbia pamoja naye, ili kuzuia mwanga mahali alipo. Kitu hicho tukiite kinga. Mwaka 1918 Frank Williams alipewa hataza kwa njia yake ya kutengeneza kinga inayotembea. Hataza ni hati ya serikali inayosema: uvumbuzi huu una mwenyewe, asiutumie mwingine bila ruhusa. Angalieni basi. Mtindo wa zamani ulikuwa siri ya mtu, na mtindo mpya ukawa mali ya mtu. Kwa mwanafunzi aliye nje, yote ni mamoja.

Hapo ndipo ulipokuja mtambo uliotawala kazi hii kwa zaidi ya miaka 50. Nitaueleza kwa kirefu kidogo, maana ukiuelewa huu, kompyuta haitakutisha. Upande mmoja wa mtambo kuna projekta, yaani chombo kinachoonyesha filamu. Upande wa pili kuna kamera. Zinatazamana macho kwa macho. Projekta inaonyesha picha moja, kamera inaipiga picha ile. Kisha zote mbili zinasogea hatua moja, na kazi inaanza upya.

Tufanye hesabu. Sinema yenye sauti ina picha 24 katika kila sekunde. Sekunde 5 ni 24 mara 5, yaani picha 120. Ukitaka kuunga ndege, mawingu na mlima, filamu hupita mtamboni mara tatu, yaani kusogeza na kupiga mara 360, kwa ajili ya sekunde 5 tu. Kisha filamu inakwenda kuoshwa kwa dawa, na fundi anangoja mpaka ioshwe ndipo ajue kama amefaulu. Tena kila unapoipiga picha ya picha, nakala inafifia kidogo, na chembechembe zake zinaongezeka, kama maneno yapitayo masikio mengi kabla ya kukufikia.

Stadi mkubwa wa mtambo huo alikuwa Linwood Dunn, aliyezaliwa mwaka 1904. Alianza kwa kuonyesha sinema za watu wengine, akaingia katika kampuni ya RKO huko Hollywood mwaka 1929. Mkono wake umo katika King Kong ya mwaka 1933, yule sokwe mkubwa aliyepanda juu ya jumba refu la New York. Umo pia katika Citizen Kane ya mwaka 1941, ambayo watu wengi waliitazama wasijue kabisa kuwa mna picha za kuungwa. Kwa maoni yangu hiyo ya pili ndiyo kazi kubwa zaidi. Sokwe kila mtu anajua kuwa si wa kweli.

Mpaka wakati wa Dunn kila kampuni ilijitengenezea mtambo wake na kuuficha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia yeye na wenzake wakatengeneza mtambo wa kuuzwa, jeshi likaununua, na baada ya vita watu wengine nao wakaweza kuupata. Huo ulikuwa mlango wa kwanza kufunguka, ingawa ulifunguka kwa mwenye fedha tu.

Neno moja sasa juu ya rangi. Pengine mmeona picha ya mwigizaji amesimama mbele ya kitambaa cha buluu au cha kijani. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, ina wekundu mwingi na ubuluu kidogo. Kwa hiyo ukiweka buluu nyuma ya mtu, waweza kuiondoa buluu yote, na mtu atabaki. Larry Butler alitumia njia hiyo katika sinema ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, akapata tuzo ya Oscar. Walakini nywele, moshi na bilauri zilibaki na ukingo mbaya, kama ule wa mkasi wetu. Petro Vlahos ndiye aliyelitatua jambo hilo kwa hesabu za rangi, na njia yake ikatumika katika Ben-Hur ya mwaka 1959. Siku hizi kijani hutumika zaidi, kwa sababu kamera nyingi za kidijitali hupokea kijani vizuri kuliko rangi nyingine.

Haya, na mwanafunzi? Katika miaka hiyo yote kijana aliyetaka kuwa fundi wa picha alikuwa mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi chini ya bwana wake. Alibeba makopo ya filamu, alisafisha vioo, alitazama. Baada ya miaka bwana wake akamwachia sekunde chache azifanye. Faida yake ilikuwa kwamba jicho la bwana lilikuwa juu ya bega lake kila saa. Hasara yake ilikuwa kwamba aliyezaliwa mbali na Hollywood au London hakuwa na pa kuanzia, na hata aliyezaliwa karibu alihitaji mtu wa kumwombea. Mwaka 1965 mwalimu mmoja wa Marekani, Raymond Fielding, alitoa kitabu kinene kilichoeleza njia hizo zote moja moja. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuketi kwake na kusoma yale yaliyokuwa yakinong'onwa vyumbani. Lakini kusoma habari za mtambo si kuwa na mtambo.

Kisha kazi hii ikakaribia kufa. Makampuni makubwa ya Hollywood yaliona kuwa vyumba vya picha za kuungwa vina gharama, yakavifunga kimoja baada ya kingine. Mwaka 1975 George Lucas alipotaka kutengeneza Star Wars hakupata chumba cha kutosha kazi yake. Akaanzisha chake katika ghala huko California, akakusanya vijana, wengi wao wanafunzi. Walitafuta mitambo ya zamani iliyoachwa, wakaisafisha, wakaifunga tena. Sinema ilipotoka mwaka 1977 ilikuwa na vipande zaidi ya 350 vya picha za kuungwa. Vijana wale wakawa mabwana wa miaka iliyofuata.

Mwaka huo huo wa 1977, upande wa pili wa Marekani, katika chuo kimoja cha ufundi karibu na New York, watu wawili walikuwa wakifikiri juu ya kinga. Majina yao ni Ed Catmull na Alvy Ray Smith. Hawakuwa na filamu wala dawa. Walikuwa na kompyuta.

Katika kompyuta picha hugawanywa vipande vidogo sana vinavyoitwa pikseli. Kila pikseli ina namba tatu: moja ya wekundu, moja ya ukijani, moja ya ubuluu. Catmull na Smith waliongeza namba ya nne. Namba hiyo haisemi rangi. Inasema: kipande hiki kinafunika kiasi gani? Namba ya nne ikiitwa alfa, basi 1 ni kufunika kabisa, kama ukuta, na 0 ni kutofunika kitu. Lakini fikirini chandarua. Ukilala ndani ya chandarua unauona ukuta, na chandarua chenyewe unakiona. Nyuzi zikifunika robo ya macho yako, ukuta unabaki na robo tatu. Ndivyo ilivyo katika kompyuta: chukua robo ya rangi ya mbele, ongeza robo tatu za rangi ya nyuma, hiyo ndiyo rangi ya pikseli. Nywele, moshi, bilauri, ukungu, vyote vikapata namba yake. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff waliandika kanuni zote za hesabu hiyo, wakazichapisha wazi kwa kila mtu kusoma. Hawakuzificha. Baadaye watu wote wanne walipewa tuzo na chama cha sinema cha Marekani, na hesabu yao ndiyo iliyomo katika kila programu ya kuunga picha mpaka leo.

Katika miaka ya 1990 mitambo ya zamani ikawekwa pembeni. Nakala haikufifia tena, maana namba ukiinakili mara mia hubaki namba ile ile, na fundi hakungoja filamu ioshwe. Mwaka 1993 pekee kulitokea After Effects, programu ya kompyuta ya mezani iliyotoka katika kampuni ndogo ya Rhode Island, na kampuni ya Digital Domain ikaanza kujitengenezea programu yake iitwayo Nuke. Katika Nuke kila kazi ni kisanduku kiitwacho nodi, na nodi zimeungwa kwa mistari kama ukoo ulioandikwa ukutani, wazazi juu na watoto chini. Lakini kompyuta za makampuni zilikuwa na bei ya nyumba. Mlango ulikuwa mpya, na kufuli ilikuwa ile ile.

Sasa tumefika katika jambo lililonifanya nichague somo hili.

Mwaka 2002 yalitokea mambo mawili ambayo watu wachache waliyaangalia. La kwanza, shule moja ya Marekani iliyoitwa Lynda, iliyoanzishwa mwaka 1995, ilianza kuweka masomo yake ya kompyuta kwenye intaneti, mwanafunzi akayatazama kwake. La pili lilitokea Uholanzi. Ton Roosendaal alikuwa na programu iitwayo Blender, na kampuni yake ikafungwa. Akawaomba watu wa dunia wachange euro 100,000 ili programu inunuliwe na kuachwa huru. Zikachangwa kwa muda wa majuma saba. Tangu Oktoba 2002 mtu yeyote anaweza kuichukua Blender bure, na mwaka 2006 ikapata nodi za kuunga picha. Mwaka 2012 watu wa Blender walitengeneza sinema fupi huko Amsterdam, Tears of Steel, wakatoa na picha mbichi zenyewe, kitambaa cha kijani kikiwamo, ili mwanafunzi azifanyie kazi. Hilo la picha mbichi ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwanafunzi wa useremala hawezi kujifunza bila mbao.

Mambo yakaenda upesi. YouTube ilianza mwaka 2005. Mafundi waliokuwa kazini mchana wakaanza kufundisha jioni. Andrew Kramer alitoa masomo ya After Effects bure, na vijana wa nchi nyingi wakayafuata hatua kwa hatua. Shule nyingine zikatoza ada, zikampa mwanafunzi mwalimu anayemfahamu. Mwisho wa mwaka 2014 programu ya Fusion ilitolewa bure, na mwaka 2015 wenye Nuke nao wakatoa toleo la bure kwa wanaojifunza, mradi wasiliuzie kazi.

Je, mtu anaweza kweli kuwa fundi kwa njia hii? Nitawapeni mifano miwili.

Wa kwanza ni sinema ya Marekani iitwayo Everything Everywhere All at Once, ya mwaka 2022. Ina vipande vya kuungwa karibu 500. Sinema kubwa huajiri mamia ya mafundi kwa kazi kama hiyo. Hapa sehemu kubwa ilifanywa na watu wapatao watano, marafiki, wengine wakifanya kazi majumbani mwao. Wakurugenzi walisema waziwazi kuwa hapana hata mmoja kati yao aliyesomea kazi hiyo shuleni. Walijifunza kwa masomo ya bure ya intaneti. Mwezi wa Machi 2023 sinema hiyo ilipata tuzo saba za Oscar, pamoja na ile ya sinema bora ya mwaka.

Wa pili yuko karibu nasi. Katika mtaa wa Wakaliga, mjini Kampala, yuko Isaac Nabwana. Alianzisha kampuni yake ya sinema mwaka 2005. Hakupata shule ya sinema. Alijifundisha mwenyewe, akaunda kompyuta zake kwa vipande vya kompyuta nyingine, akatandaza kitambaa cha kijani nyumbani kwake. Mwaka 2010 alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa fedha ambazo hazifiki dola 200. Helikopta zinaruka juu ya Kampala na majumba yanalipuka, yote yameungwa kwa kompyuta. Je, zinaonekana za kweli? Hapana, ukingo unaonekana, na mwanga haukubaliani. Watu wakacheka, akacheka nao, na mamilioni wakaitazama kwenye intaneti. Mimi nasema vichwa vinne vya Méliès navyo havikuonekana vya kweli.

Pengine mtafikiri sasa kila mlango uko wazi. Bado.

Tufanye tena hesabu. Picha moja ya sinema ina pikseli 2,048 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Ukiihifadhi kama mafundi wanavyohifadhi, bila kuibana, inachukua yapata megabaiti 13. Sekunde 5 ni picha 120. Kwa hiyo 13 mara 120 ni megabaiti 1,560, kabla hujaanza kazi. Mtu anayenunua intaneti kwa vocha anajua maana yake. Umeme ukikatika katikati, anaanza upya. Somo ni la bure, lakini njia ya kulifikia ina nauli.

Tena kuna jambo la jicho. Mwanafunzi anamfuata mwalimu wa video. Mwalimu anabonyeza hapa, naye anabonyeza hapa. Mwisho picha imetoka nzuri, kwa sababu mwalimu alichagua picha itakayotoka nzuri. Siku ya pili mwanafunzi anachukua picha yake mwenyewe, na hajui aanze wapi. Video haiwezi kumwona. Haiwezi kumwambia, Bwana, weusi wa koti hili ni mweusi kuliko weusi wowote wa barabarani, ndiyo maana mtu wako anaonekana amebandikwa. Neno hilo dogo mwanagenzi wa Dunn alilipata bure kila siku. Leo ndilo ambalo shule za intaneti hulitoza fedha nyingi zaidi, nazo zina haki, maana ni kazi ya mtu mzima mwenye macho, si ya mashine iliyorekodi. Wanafunzi wasio na ada hufanya vikundi, wakaonyeshana kazi na kusahihishana.

Na mkate je? Ile sinema ya kijana na simbamarara ni Life of Pi, ya mwaka 2012. Bahari ilikuwa hodhi la maji huko Taiwan, na simbamarara karibu wakati wote ni wa kompyuta. Kazi kubwa ilifanywa na kampuni ya Rhythm & Hues ya California, iliyokuwa na mafundi hata India. Mwezi wa Februari 2013 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mafundi zaidi ya 200 walipoteza kazi. Tarehe 24 mwezi huo huo sinema ile ikapata tuzo ya Oscar kwa kazi yao hiyo, huku nje ya ukumbi mamia ya mafundi wamesimama na mabango. Aliyepokea tuzo alipoanza kuitaja shida ya kampuni, muziki ukapigwa kumwondoa jukwaani. Kujua kazi na kuishi kwa kazi ni vitu viwili.

Jambo la mwisho ni jipya. Katika kazi hii kuna sehemu ya kuchosha, nayo ni kumzungushia mtu mstari, picha baada ya picha, pale ambapo hapakuwa na kitambaa cha kijani. Ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza kwa anayeanza. Ilimchosha, lakini ilimfundisha ukingo: jinsi nywele zinavyokwenda, jinsi mkono unaotikisika unavyofifia. Vijana wengi, hasa wa India, waliingilia mlango huo. Siku hizi kompyuta zilizofundishwa kwa picha nyingi zinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa dakika chache. Mwanagenzi ataanzia wapi basi? Hilo ndilo swali linaloulizwa sasa katika vyumba vya kazi hii, na waalimu wa kozi za intaneti wameanza kubadili masomo yao. Wanaanza na kutazama mwanga, na mstari unakuja baadaye.

Kwa somo lijalo leteni zile picha mlizokata kwa mkasi. Mtabadilishana. Kila mmoja ataandika sentensi tano chini ya picha ya mwenzake, si ya kwake mwenyewe: jua linatoka wapi, kivuli kingeangukia wapi, mtu ni mkubwa au mdogo mno, ukingo una kasoro gani, na nini cha kusahihisha kwanza. Waalimu wa madarasa, tafadhali wekeni akiba ya gundi.